Safu Isiyokubali Utupu

Seva tumeiweka kabatini palipokuwa pa kahawa,
bado mbao zinanuka buni.
Ni saa tisa mchana, giza limeshaingia;
Januari ya Kautokeino haina haya,
jua huchungulia kama mdaiwa, kisha hurudi ndani.

Mfumo endeshi niliusimika jana. Umelala mweupe,
haumjui mtu, hauna deni la mtu.
Leo naishusha kanzidata juu yake:
naandika amri, nabonyeza, nangoja.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Leseni ndefu kama nasaha za mkwe,
nimeikubali bila kuisoma.

Huna ruhusa, skrini inasema.
Mimi? Niliyekutoa kwenye boksi,
nikakupangusa vumbi kwa shati langu?
Huna ruhusa.
Mpangaji kamfungia mlango mwenye nyumba.
Basi navaa joho la msimamizi mkuu,
najiruhusu mwenyewe, napita.

Huduma ikawaka, ikazima.
Nikaiwasha. Ikazima.
Nikalifungua faili lake la manung'uniko, nikalisoma toka mkiani,
mistari mia mbili ya kusema neno moja:
folda si yangu.
Kweli. Nilimjengea nyumba
hati nikaiandika kwa jina langu.
Nikamkabidhi. Ikawaka, ikatulia,
feni ikashusha pumzi.

Sasa daftari.
Wino wa buluu wa shangazi Elle-Sunná,
miaka thelathini na mmoja ya masikio ya kulungu wa theluji:
ncha imekatwa, pengo moja nyuma,
kushoto uma, kulia jani.
Kila mwenye kulungu ana mkato wake,
na mchungaji huusoma kundi likizunguka zizini,
theluji ikimpiga machoni, kamba mkononi,
huusoma kabla mimi sijamaliza kuandika nywila.

Jedwali nililichora mwenyewe:
sikio la kushoto, sikio la kulia, mmiliki.
Na safu ya mmiliki nikaiwekea sharti,
isikubali utupu.
Niliona ni busara; mali isiyo na mwenyewe huzaa kesi.

Mistari ikaingia, mia, mia mbili, mia tatu.
Wa mia tatu na kumi na saba ukagoma.

Nikafunua ukurasa. Masikio mawili yamechorwa
kwa utulivu, mkato mdogo mzuri sijauona zizini popote,
na mahali pa jina, kwa penseli,
neno ambalo maana yake ni: bado.

Nikampigia Jon-Ánte, yuko uani kwake anarekebisha pikipiki ya theluji.
"Ile? Aliiandikisha mwaka alioolewa," akasema.
"Ya mtoto."
"Mtoto gani?"
Nikasikia spana ikiwekwa juu ya bati.
"Ndiyo hivyo," akasema.

Bado. Hakuandika hapana.
Kila mwaka alilinakili daftari upya,
kila mwaka alilirudia lile neno,
hata alipofika miaka sabini,
hata mkono ulipoanza kutetemeka na masikio kupinda.

Ningeweza kuuruka mstari.
Ningeweza kuandika "hajulikani", mashine ingeridhika,
mashine huridhika na uongo wowote uliojaa.
Vijana watatu wanangojea alama, wangeipokea kwa mikono miwili.

Nikarudi kwenye jedwali, nikaliondoa sharti.
Amri moja fupi, na nukta mkato mwishoni.
Haikuuliza sababu.
Nikauingiza tena mstari, ukaingia,
kushoto, kulia, na kando yake
si sifuri, wala si nafasi tupu ya kibodi, bali ule utupu wenyewe
ambao kanzidata huuhesabu peke yake.

Nikaweka nakala rudufu. Nikafunga milango yote ya mtandao ila mmoja.
Kabla ya kuzima taa nikaijaribu kwa swali:
ni alama ipi haina mwenyewe?

Ikajibu kabla sijakiinua kidole.
Mstari mmoja.