Dari la Nanuli

Asubuhi, kabla ya chai, Nanuli huvaa miwani
iliyofungwa uzi mweusi kwenye sikio la kushoto,
huketi dirishani, ghorofa ya saba, mjini Kutaisi,
akaanza kazi yake isiyo na mshahara:
kusifu.

Zaza, fundi magari, kaweka picha ya tairi jipya.
Moyo.
Eteri wa jengo la pili kaweka bakuli la maharage,
mvuke umemeza nusu ya bakuli.
Moyo, na chini yake: *Mikono yako ibarikiwe.*
Kijana Vazha kapata leseni ya udereva, safari ya nne.
*Ya nne ndiyo hukaa,* anamwandikia.
Paka kalala ndani ya sufuria.
Theluji juu ya gari lisilowaka tangu mwaka juzi.
Jino la kwanza la mtoto wa mtu.
Jino la mwisho la Valeriani, juu ya leso safi:
moyo, baada ya kufikiri kidogo.
Msumari uliopigwa ukanyooka.
Soksi.

Nami, nisifiche, nilimcheka.
Sifa kwangu ni akiba, haitolewi ovyo.
Harusi ya binamu yangu niliipa moyo mmoja,
usiku kucha nikajiona nimezidisha.
Nikamwambia ndani ya lifti, ile inayokula sarafu:
"Mama, anayependa kila kitu hapendi kitu."
Akapekua mkoba, akatulipia wote wawili.
"Miaka thelathini na moja nilikuwa mhasibu
wa kiwanda cha malori. Hesabu naijua.
Eteri na maharage yake hatafuti hakimu.
Anapiga hodi.
Sasa mimi nikae kimya, na nimo ndani?"
Lifti ikagutuka, akashuka na vitunguu vyake.

Halafu Februari, mvua ya siku tatu,
kidole gumba kikateleza.
Picha ikatoka: dari.
Balbu uchi, nyufa mbili, doa la maji
la rangi ya chai iliyolala,
na pembeni kivuli chekundu cha kidole chenyewe.
Hakuna neno hata moja.
Yeye hana habari; simu kaitia mfuko wa aproni,
kaenda kukamua jibini.

Wa kwanza Zaza: moyo.
Eteri: *Ni ziwa la wapi hili? Pazuri!*
Valeriani, hana jino: *Mimi naona farasi.*
*Farasi gani, huyo ni mjomba wangu akiwa amelala.*
Vazha akaweka mioyo sita, kama anayelipa deni.
Watu nisiowajua, majengo nisiyoyajua,
mia moja na kumi na mbili kufikia saa nane.
Kisha binti yake, Khatuna, kutoka Bari,
anakomlisha uji mama wa watu wengine:
*Mama, mbona doa limekua?
Nilipoondoka lilikuwa dogo kama sahani.*

Nikalitazama.
Nikalikuza kwa vidole viwili.
Nikainua macho, nikayashusha,
nikaitazama sakafu yangu.

Ghorofa ya nane ni kwangu.
Lile bomba chini ya beseni
linadondoka tangu wakati wa kuchuma zabibu,
nami huliwekea kopo, kopo likijaa nalisahau.
Hakuwahi kupanda kunigombeza.
Wiki hiyo hiyo alikuwa ameusifu
mti wangu wa ndimu, mti wenyewe majani manne.

Nilifunga maji. Nikashuka kwa ngazi
na spana mkononi, ingawa kwake spana haina kazi.
Zaza alishatangulia, yuko juu ya kiti,
anagonga dari kama daktari mgongo wa mgonjwa.
Nanuli akanigeukia, unga hadi viwiko:
"Watu wanafurahia nini? Mimi sijaweka chochote."
Nikamwonyesha.
Akasogeza simu mbali, akaileta karibu.
"Kumbe," akasema, "hata halikutoka baya."

Nilitaka kusema bomba. Nilitaka kusema samahani.
"Limetoka vizuri," nikasema,
na masikio yakaniwaka.
Akanipa kisu, nikate mkate.