Kumhamisha Postamasta

Jana jioni nilimnywesha hadi sahani ikafurika,
maana mzizi mkavu hukatika kama uzi uliooza.
Leo nimetandika gunia kwenye veranda, Migosi,
ghorofa ya pili, kabla jua halijafika ukutani.

Hatukuwahi kujua jina lake.
Aliletwa posta na majani matatu ndani ya mkebe wa rangi.
Ambani wa vifurushi ndiye aliyembatiza Postamasta,
kwa kuwa baada ya muda alikuwa juu yetu sote
na hakujibu swali la mtu.
Alianzia kaunta namba tatu, kaunta yangu,
akaizunguka ile saa iliyokufa saa tisa na dakika ishirini,
akafuata waya wa simu mpaka darini.
Miaka kumi na tisa nilipiga mihuri
chini ya majani yenye matundu,
kama karatasi iliyochezewa na mtoto mwenye makasi.

Siku walipofunga kaunta, vijana walikuja kubeba meza.
Na huu mti je? akauliza mmoja.
Hakuwa kwenye orodha ya mali.
Nikambandua mwenyewe.
Mizizi yake ya hewani ilikataa kuachia,
ikang'oka na vipande vya rangi ya serikali,
kijani ya chini, krimu ya juu,
na mpaka leo imevikumbatia. Sivitoi.

Sewe, mtoto wa jirani, ananishikia shina
kwa mikono miwili, kama aliyekamata nyoka.
Anauma?
Hapana. Ila utomvu wake unawasha, usijiguse macho.

Nalaza chungu ubavu, nakigonga kitako. Hatoki.
Napitisha kisu cha mkate ukingoni. Hatoki.
Basi nyundo.
Na kumbe ndani hamna udongo tena,
ni mizizi tu, imezunguka, ikazunguka,
imeshika umbo la chungu hata chungu kisipokuwepo.
(Nami miezi minane sasa naamka saa kumi na moja
kupiga pasi shati la buluu.)

Katikati ya msokotano: vibanio vitatu vya karatasi,
kifuniko cha kalamu, tone la lakiri,
na harufu ya chai.
Chai! Miaka yote ile Ambani alimmiminia kikombe chake,
tukamsifu, tazama mtu anavyopenda mimea.
Kumbe hakuiweza chai ya Perpetua.

Mizizi myeupe naiacha.
Ile ya kahawia, inayoteleza kama tambi zilizolala, naikata.
Udongo mweusi wa Kano nimeukataa,
hushika maji kama mdai aliyeshika kola.
Nimechanganya makapi ya mpunga ya Ahero,
mkaa niliouponda kwa chupa, mchanga, samadi konzi mbili.
Chungu kipya kimezidi cha zamani kwa vidole viwili.

Mbona usimpe ile ndoo kubwa? anauliza Sewe.
Ukimpa nafasi nyingi kwa ghafla, ataoza.
Nimelisema hilo, kisha nikakaa na koleo mkononi
bila kuchota kitu.

Nguzo yake ni mpini wa jembe, nimeuvisha gunia.
Kamba ni tai yangu ya kazi, nimeichana vipande vitatu,
nikafunga bila kukaza, kidole kipite.
Atanuna wiki mbili. Majani yatalegea,
moja la chini litageuka njano, na sitampa maji kwa hofu.
Nimemweka mbali na dirisha la upande wa ziwa,
jua la alasiri huko halina adabu.

Kileleni kuna jani changa, jembamba,
limejisokota na kufungwa kotekote.
Sewe ameliona. Anataka kulikunjua kwa ukucha.
Namshika mkono.
Hapana, baba. Miaka kumi na tisa
sikufungua ya mtu.