Kungwi wa Halua na Kashata

Nimewafunda wari sitini na watatu hapa Wete,
toka Limbani mpaka Jadida,
na leo mjukuu wangu Shaame ananijia na sanduku la kioo:
"Bibi, hawa nao hawataki kupandana."

Hawa ni chatu.
Si wale wa porini wamezao mbuzi.
Hawa wafupi, wanene, ukiwagusa wanajikunja,
kichwa ndani, kama kata ya kubebea ndoo.
Walivuka kutoka Tanga ndani ya foronya,
na baharia akalipwa asiulize kinachopumua.
Jike kaitwa Halua, kwa rangi yake na mafuta yake.
Dume, mwembamba, mkavu: Kashata.

Shaame ana daftari.
Halua kilo moja na nusu, amefika umri.
Kashata amegoma panya wiki ya tano, dalili njema, anasema,
dume mwenye hamu hali.
Nikamwambia, babu yako alikula siku zote.

Amejaribu mengi. Kipupwe kilipoingia
alipunguza joto la taa usiku, kidogo kidogo,
akanyunyiza maji kwa chupa yangu ya kupigia pasi,
akawatenga siku nne, akawakutanisha, akawatenga tena.
Akaomba gamba alilojivua dume wa rafiki yake wa Chake,
akalitia kwenye kona ili Kashata aone wivu.
Kashata akalala juu ya gamba lile, raha mustarehe.
Halua akajikunja kata.

"Bibi, wewe ndiye mjuzi. Wafanyie kitu."
Nikacheka mpaka ushungi ukaanguka.
Nichome udi? Nimsinge kwa liwa na karafuu?
Nimvishe kikuba shingoni, na shingo yenyewe inaishia wapi?
Nimfunze kukata kiuno,
na yeye ni kiuno kitupu?

Lakini usiku nikavuta kigoda, nikawatazama.
Dume alimpanda mgongoni, akamkuna kwa vikucha viwili
vilivyobaki karibu na mkia, ukumbusho wa miguu.
Halua hakuuma, hakukimbia. Alijifunga tu.
Na mimi kile kifundo
nikakijua.

Fungate yangu, mwaka wa karafuu nyingi.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaambiwa nimechelewa,
na somo wangu alikaa nje ya mlango
akikohoa kila nilipokawia.
Nilijua yote niliyofundwa, singo, harufu, maneno.
Hakuna aliyenifunda kwamba kungoja ni halali yangu.
Nami nikawafunda wengine vivyo hivyo.
Sitini na watatu.
Nyuma ya milango mingapi nimekohoa?

Asubuhi nikamwambia Shaame: muache.
Usimtenge, usimkutanishe. Mpe ule mtungi wangu uliovunjika
aingie atakapo, atoke atakapo,
mpe giza, na mlango usiofunguliwa kila saa.
Akasema, msimu utapita.
Na upite.

Ikaja vuli. Usiku mmoja mvua ikapiga mabati
kama karafuu kavu zinazomwagwa sakafuni,
umeme ukakatika Wete nzima,
hewa ikawa nzito, masikio yakaziba.
Nikashika tochi, mazoea tu ya kibibi.

Halua alikuwa nje ya mtungi.
Amejikunjua, urefu wake wote;
miezi yote ile sikujua kama ni mrefu kiasi hicho.
Mkia wa Kashata umejizonga kwenye wake,
na wote wawili kimya, hawana haraka na mtu.

Nikazima tochi.

Asubuhi Shaame, kalamu mkononi:
"Bibi, usiku umeona chochote?"
Nimekuwa kungwi miaka arobaini.
Ya chumbani hayatoki chumbani.
"Nimeona mvua," nikamwambia.
"Hebu bandika chai."