Saketi Imefunguka

Kondo alishika koleo kwa mkono wa kushoto.
Nimekwisha kuwaambia polisi hivyo, na mama yake,
na sasa najiona nawaambia hata wateja
nikiwa juu ya ngazi, tepu nyeusi kiganjani.

Kisutu, katika hekalu la kengele nyingi,
Mama Kokila alinishikia tochi.
Mwili ni nguo, akasema, ikichakaa unavua unavaa nyingine.
Nikamwambia: Kondo alikuwa na miaka kumi na tisa,
nguo ilikuwa mpya, hata pindo halijaguswa na tope.
Akanyamaza. Taa thelathini na mbili zikawaka kwa pamoja.

Mtaa wa nyuma, Mzee Hasmukh, Mjaini,
alitaka wavu mdogo kila globu
asije nondo akaungua kwa uzembe wetu.
Kwake kila tendo ni vumbi linalonata kwenye nafsi
mpaka inakuwa nzito, haipai.
Nikakata wavu, nikapima, nikakata tena.
Sikumwambia nani alimwambia kijana: panda, nimeshazima.

Upanga, mtawa wa Kisinhala, joho rangi ya binzari,
akauliza: umeme ukikatika unakwenda wapi?
Swali la kazi yangu! Nikajibu upesi:
hauendi popote, Mheshimiwa, saketi imefunguka tu.
Akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa deni.
Lakini Kondo alikuwa akipiga mluzi kule juu.
Mluzi nao ni saketi?

Kwa Masingasinga sikuuliza kitu.
Walinikalisha sakafuni
kati ya mwenye mabasi na ombaomba wa Mnazi Mmoja,
dengu, chapati, ongeza,
ongeza tena.

Kariakoo, taa nyekundu ya Bwana Lin
haizimwi mwaka mzima mbele ya picha ya babu yake.
Chungwa moja, kikombe cha chai, vumbi la ubani.
Habari za roho hakuzigusa.
Mama yake analishwa na nani? aliuliza,
na kabla sijajibu
alinipa bahasha kwa mikono miwili.

Nimeipeleka Buguruni. Arobaini bado.
Mama Kondo yuko mkekani, tasbihi imelala pajani.
Hao wateja wako, wanasemaje?
Wanasema mengi, mama. Mmoja kauliza unakula nini.
Huyo, akasema, mlete.

Kisha, bila kuinua macho, akauliza
swichi kuu ilikuwa mkononi mwa nani.