Hali ya Silaha

Bi. Somoe Nandonde kaileta katika kikapu cha ukindu,
kaifunga kanga, juu yake mihogo mitatu
ili majirani wa Newala wasiulize.
Mwenyewe alifariki mwezi wa nane, salfa ikiwa bado mashambani.
Kibali kimekufa naye.

Kwanza mdomo uelekee ndoo ya mchanga.
Kidole nje. Silinda naitoa ubavuni,
nahesabu vyumba kwa macho, kisha kwa kidole,
maana macho huamini yanachotaka.
Sita, vitupu. Nahesabu tena.
Mama ananitazama kama ninayeosha maiti.

Nachomeka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu,
mwanga wa dirishani unapanda:
mistari inajiviringisha, safi, haina kutu,
na hapa kwetu, ukungu unakolala hadi sandukuni mwa nguo,
hilo si jambo dogo.
Alikuwa akiipaka mafuta?
"Kila Ijumaa. Kuliko baiskeli."

Narudisha silinda, naitikisa karibu na sikio.
Inacheza kidogo, jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Navuta nyundo polepole, nasikiliza:
kufuli la silinda lilie kabla nyundo haijafika mwisho.
Likilia baada, ni ajali.
Vyumba vyote sita vinalia kwa wakati wake.
Nyundo ikiwa juu, naisukuma kwa gumba. Haianguki.
Chombo kizima, nasema. Nashika kalamu.

Halafu namulika uso wa nyundo.
Sindano haipo.

Haikuvunjika. Kilichovunjika huacha meno.
Hapa ni laini, michirizi yote inakwenda upande mmoja:
tupa, na mkono usio na haraka.

Nampa Bi. Somoe atazame.
Ananyamaza mpaka lori la korosho, huko nje, limalize kupanda kona.
"Asumini," anasema. "Ana miaka minne, aliikuta chini ya mto,
akaniletea jikoni kwa mikono miwili: Mama, ya baba.
Usiku ule alikwenda bandani na tupa ya kunolea majembe.
Mimi nikajua anapooza hasira."

Asumini ana watoto wawili sasa, yuko Tandahimba.

Basi misimu ishirini na kitu
mtunza fedha wa chama alipanda gari la malipo,
mamilioni ya wakulima mapajani,
kiunoni kipande cha chuma kisichoua hata panya wa ghalani.
Naye akijua. Peke yake akijua.

Fomu ina mstari mmoja tu: Hali ya silaha.
Naandika: mbovu.
Nafuta. Naandika: haifyatui. Salama.
Mkuu wa kituo atauliza kama nilikunywa uraka.

"Na ala yake?"
Ngozi imekakamaa, inanuka maganda ya korosho.
Ala haimo kwenye sheria, mama.
Anaitia kikapuni, anaifunika kanga.
Mihogo ananiachia.