Mlango wa Nne

Bwana Lushinge wa Isamilo amenituma Bugalasha
nimchoree ukoo wake kwenye karatasi ya manila
autundike sebuleni, juu ya friji.
Amenipa nusu ya malipo.
Nusu ya pili, kasema, ukishamfikia mtemi wa kwanza.

Watemi hawafikiki hivihivi.
Daftari la kodi ya kichwa, mwaka ishirini na sita,
mchwa wamelila kuanzia K hadi N:
kina Kasheku wote, kina Luhende, kina Malale
wamebaki vumbi la kahawia kwenye vidole vyangu.
Kitabu cha misheni kina wino wa zambarau,
Yosefu, Yosefu, Paulo, Yosefu,
padri alibatiza kama mtu anayeikimbia mvua.

Ipo hati ya kesi ya malisho.
Humo ng'ombe wametajwa mmoja mmoja,
mwenye baka jeupe, mwenye pembe iliyolala,
yule mwekundu aliyezaa mara saba.
Wake wametajwa kwa tarakimu.
Mke wa kwanza. Mke wa tatu.
Wa pili sijui aliondoka
au karani alipiga chafya.

Majina nayo ni kalenda kwa anayejua kuyasoma.
Nyanzala ni wa njaa, Mabula ni wa mvua iliyoikomesha,
kisha mapacha, kisha Shija aliyewafuata.
Mwaka wenyewe siujui,
lakini najua nani alinyonya ziwa kavu.

Bwana Lushinge anataka baba, mwana, mjukuu,
mstari ulionyooka kama reli.
Nami nimekuta kiti cha Bugalasha kilikwenda kwa ubavu.
Mtemi akizikwa, wanang'oma hawakubisha kwa mwanawe,
walizunguka nyuma ya zizi, kwa dada yake,
wakamtoa mpwa.
Mwana wa mtemi alirudi machungani na fimbo yake.
Hadi siku serikali ya wageni ilipoona huo ni upotovu
ikagonga muhuri: mwana.
Huyo mwana ndiye babu yake Bwana Lushinge.
Shina lake lina umri wa muhuri.

Jioni nilimkuta Bi Nyamizi kwenye mawe
akichambua dagaa, hakuinua uso.
"Umeandika milango mingapi?"
Mitatu.
"Na wa Mbuke?"
Mbuke gani?
Akatupa kokoto ziwani, likazama bila neno.
"Tumbo lililotoa watemi watatu,
wewe na madaftari yako hulijui?
Vitukuu vyake vinauza dagaa mwaloni Kirumba.
Hata mimi nimekopa kwao gunia hili."

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Sisi tuliokulia ziwani hatujawahi kuyapima maji haya.

Usiku, kwa kurunzi ya simu,
nilimwandika Mbuke juu kabisa, kwa penseli.
Penseli hufutika.
Nikakaa.
Mbwa wakabweka upande wa makaburi, wakanyamaza.
Nikapitisha wino.

Asubuhi Bwana Lushinge kapiga:
"Vipi, umemfikia wa kwanza?"
Nimemfikia.
"Anaitwaje?"
Ni mwanamke, mzee.

Simu ikakatika, au ameikata.
Huku ziwani mtandao ni wa kubahatisha.