Sugu

Viganja vya baba yangu vina sugu,
alizopewa na koleo kabla hajapewa usukani
wa lori la taka la kanjo,
Kariokor hadi Dandora, miaka ishirini na sita.
Leo Daktari Nekesa ametumia neno hilohilo
juu ya kitu nisichoweza kukishika:
"Seli zake zimekuwa sugu."
Baba akatazama mikono yake.

Mwaka juzi, chumba hikihiki,
walituchorea dawa nyuma ya fomu ya bima.
Seli hii, walisema, ni kiwanda kisicholala,
hufyatua protini usiku na mchana,
na kila kiwanda kina taka zake.
Sindano huziba mlango wa kutolea taka.
Zinarundikana ndani, zinafika shingoni,
seli inakufa kwa uchafu wake yenyewe.

Baba alicheka hadi mbavu zikamuuma,
na mbavu zake siku zile hazikuhitaji sababu.
"Yaani ni mgomo! Mgomo wa kanjo!
Mwaka tuliosimamisha malori wiki tatu
Ngara ilinuka hadi wenye maduka wakalia.
Hiyo dawa naijua, Mbithe. Waambie wanidunge."

Na ilifanya kazi, asikudanganye mtu.
Mnara kwenye karatasi ya maabara ukawa kilima,
kilima kikawa tuta la barabarani.
Nyayo zilimfa ganzi, akawa anatembea
bila kujua kandambili moja imebaki mlangoni,
lakini ngazi za Huruma alizipanda mwenyewe,
akabishana na muuza maji,
akala githeri yenye chumvi aliyokatazwa.

Sasa tuta linakua tena.

Nauliza, zimejuaje? Daktari anavua miwani.
Nyingine zimebadilisha kitasa,
dawa inafika na ufunguo hauingii.
Nyingine huitapika kabla haijakolea.
Nyingine zimejibanza ndani ya uboho,
zikilishwa na majirani wasiojua wanamlisha nani.
Na nyingine — hapa baba ananyoosha kidole kama mwanafunzi —
"Zimepata njia ya panya."
Ndiyo, anasema daktari. Njia nyingine ya taka.

"Hata sisi, wiki ya tatu,
vijana wa Mathare walikuja na mikokoteni.
Shilingi kumi gunia, usiku, hadi mtoni.
Tuliporudi kazini, mji ulishazoea kuishi bila sisi."
Hakusema kwa hasira. Nilisikia karibu heshima,
na hilo ndilo lililonitoa nje.

Ukumbini mama mmoja alikuwa akihesabu noti
zilizokunjwa kwenye pindo la leso,
anafika mwisho, anaanza upya,
kana kwamba safari hii zitakuwa zimezaana.
Nilirudi ndani.

Kuna dawa nyingine. Bei imeandikwa kwa penseli.

Jioni baba anataka jiwe lake la kusugulia.
Miaka kumi na moja tangu astaafu
na sugu hazijaondoka; kila Jumapili anazikwangua,
kila Jumapili zipo.
Leo vidole havina nguvu, namshikia mkono
juu ya beseni, maji yanapoa.
"Hiyo mpya," anauliza, "inaziba mlango upi?"
Sijui, baba.
Unga mweupe wa ngozi unaelea majini.
"Kwangua taratibu," anasema. "Hapo bado pana hisia."